Mets wa New York: pesa ipo, kwa nini wachezaji wapendwa wameondoka?

UCHAMBUZI – Kwa muda wa siku mbili tu, tarehe 9 na 10 za mwezi wa kumi na mbili uliopita, washabiki wa timu ya besiboli ya New York Mets waliwapoteza wachezaji wawili waliokuwa wanawapenda sana. Siku ya kwanza ilitoka habari kwamba Edwin Díaz, mrushaji anayeitwa kufunga mechi ngumu, anakwenda Los Angeles Dodgers kwa mkataba wa miaka 3 na dola milioni 69. Kesho yake ikawa zamu ya Pete Alonso, mpigaji mwenye nguvu kuliko wote katika historia ya timu hiyo. Yeye amekwenda Baltimore Orioles kwa miaka 5 na dola milioni 155.

Wiki mbili mbele ya hapo, Mets walikuwa tayari wamembadilisha Brandon Nimmo, mchezaji aliyekaa nao muda mrefu kuliko wengine wote, na kumpeleka Texas Rangers.

Tangu siku hizo, washabiki wa Mets wamegawanyika. Wako wanaosema timu imeuza roho yake. Wako wanaojibu kwamba roho haishindi mechi, na kwamba kundi lile lile la wachezaji lilipewa nafasi miaka mingi bila kuleta kombe. Ubishi umekuwa mkali zaidi kwa sababu mwenye timu, Steve Cohen, hawezi kusema kwamba hana pesa. Yeye ni kati ya matajiri wakubwa kabisa wenye timu za michezo katika Marekani. Aliinunua Mets mwaka 2020 kwa karibu dola miliari 2,4, na mwaka 2024 alimpa Juan Soto mkataba wa miaka 15 na dola milioni 765, mkubwa kuliko mikataba yote katika historia ya besiboli.

Sasa, kama pesa si tatizo, tatizo ni nini?

Kwa nini jambo hili litugusе sisi

Tuseme ukweli: kwetu besiboli haichezwi sana. Kijana wa Goma au wa Bukavu anajua kabumbu, anajua basketi. Lakini maneno ya soko hili si mageni kwake. Mwaka jana, kwa miezi mitatu mizima, watu wengi wa Goma walifuata hadithi ya Jonathan Kuminga, mtoto wa mji huo, alipokuwa anasubiri mkataba mpya na Golden State Warriors katika NBA. Wengi walijifunza hapo kwamba mchezaji anaweza kuitwa huru na bado asiwe huru kabisa: Kuminga alikuwa na haki ya kuongea na timu zingine, ila Warriors walikuwa na haki ya kulingana na bei yoyote na kumbakiza. Mwishoni mwa mwezi wa tisa alikubali mkataba wa miaka 2.

Katika besiboli, Díaz na Alonso walikuwa huru kabisa. Hakuna aliyeweza kuwazuia. Na tofauti nyingine ni kubwa zaidi: NBA ina kikomo cha mishahara, besiboli haina. Ndiyo maana hadithi ya Mets inatuonyesha kitu ambacho basketi haituonyeshi vizuri. Inaonyesha kinachotokea pale mchezaji yuko huru, mwenye timu ana mali isiyo na mwisho, na mshabiki hana kura.

Kwa msomaji ambaye hajazoea mchezo huu: ligi kuu ya besiboli ina timu 30, ambazo 29 ziko Marekani na moja iko Toronto, Canada. Kila timu inacheza mechi 162 kuanzia mwisho wa mwezi wa tatu mpaka mwisho wa mwezi wa tisa. Mwezi wa kumi ni wa michuano ya kutafuta bingwa, na fainali yake inaitwa World Series. Hakuna kushuka daraja. Wakati wa baridi mechi hakuna, na ndipo soko linafunguka. Mchezaji aliyemaliza miaka 6 katika ligi kuu, na mkataba wake umekwisha, anaweza kuuza kipaji chake kwa timu anayotaka.

Msimu uliovunja watu moyo

Huwezi kuelewa hasira ya sasa bila kurudi kwenye msimu wa 2025. Tarehe 12 mwezi wa sita, Mets walikuwa wameshinda mechi 45 na kupoteza 24. Hakuna timu iliyokuwa na hesabu nzuri kuliko wao. Soto alikuwa amefika, Alonso alikuwa anapiga, Díaz alikuwa anafunga. Watu wa mtaa wa Queens, ambako uwanja wao uko, walianza kuhesabu miezi.

Siku hiyo hiyo mrushaji wao Kodai Senga aliumia. Alonso alikuwa ameokota mpira na kumtupia kwenye besi ya kwanza, mpira ukaenda juu, Senga akaruka kuudaka, na alipotua akashika paja. Mets walishinda mechi ile. Lakini kutoka kesho yake mpaka mwisho wa msimu walishinda mechi 38 na kupoteza 55. Warushaji waliisha mmoja baada ya mwingine kwa majeraha au kwa kuchoka. Siku ya mwisho kabisa walihitaji ushindi mbele ya Miami. Wakafungwa 4 kwa 0. Walimaliza na ushindi 83, sawa na Cincinnati, ila Cincinnati ndio waliopita kwa sababu walikuwa wamewashinda katika mechi za wenyewe kwa wenyewe.

Yaani timu iliyokuwa kati ya zile zinazolipa mishahara mikubwa kuliko zote haikufika hata kwenye michuano. Na kombe la mwisho la Mets ni la mwaka 1986. Mshabiki wa miaka arobaini hakumbuki kitu.

Katika mazingira hayo, kiongozi wa masuala ya mchezo wa timu, David Stearns, alichukua uamuzi. Stearns mwenyewe alikulia New York akiishabikia Mets. Alisema wazi kwamba timu inapaswa kuzuia alama za wapinzani vizuri zaidi, maana yake kudaka na kurusha, siyo kupiga peke yake. Kwa lugha ya kabumbu: alitaka kujenga timu kuanzia mabeki.

Wanaolia wanasema nini

Kundi la kwanza linaanza na hesabu za Alonso, na hesabu hizo ni nzito. Mets walimchagua mwaka 2016, akaingia ligi kuu mwaka 2019, na mwaka huo huo akapiga homurani 53. Homurani ni lile pigo linalopeleka mpira nje ya uwanja, na hakuna mchezaji mpya aliyewahi kufikia hesabu hiyo. Mwezi wa nane wa mwaka jana alifikisha homurani 253 na kuvunja rekodi ya Darryl Strawberry, iliyokuwa imesimama kwa miaka mingi. Msimu wa 2025 alimaliza na homurani 38. Tena hakukosa mechi hata moja: alicheza zote 162 mwaka 2024, na zote 162 mwaka 2025.

Wanauliza: mtu wa namna hiyo, anayetaka kubaki, unamwachaje aende kwa dola milioni 31 kwa mwaka, wakati unamlipa Soto zaidi ya milioni 50?

Kwa Díaz maumivu yako kwenye tofauti ya bei. Vyombo vya habari vya Marekani viliripoti kwamba Mets walimpa miaka 3 na dola milioni 66, na Dodgers wakatoa milioni 69. Tofauti ni milioni 3 kwa miaka mitatu. Kwa Cohen hiyo ni pesa ndogo. Wengine wanasema kwamba Díaz alikwisha kuamua kwenda kutafuta kombe, na kwamba hata nyongeza isingemrudisha. Lakini hilo halitulizi moyo. Díaz alikuwa anaingia uwanjani kwa mlio wa tarumbeta, na watu elfu arobaini walikuwa wanasimama pamoja naye. Tarumbeta ile sasa inapigwa kwa adui.

Wazee wao wanakumbuka jambo lingine. Tarehe 15 mwezi wa sita mwaka 1977, baada ya mvutano wa mshahara na viongozi, Mets walimpeleka Cincinnati Tom Seaver, mrushaji aliyewaletea kombe la kwanza mwaka 1969. Baada ya hapo watazamaji walipungua sana, timu ikadidimia miaka kadhaa, na jeraha lile linasimuliwa mpaka leo. Wanaolia wanasema: tuliwahi kuona viongozi wakihesabu senti mbele ya moyo wa watu, na tunajua iliishia wapi.

Wanaotetea wanajibu nini

Kundi la pili halikatai kwamba Alonso ni mkubwa. Linauliza swali moja: unamlipa mtu kwa alichofanya au kwa atakachofanya?

Alonso alitimiza miaka 31 siku chache mbele ya kusaini. Mkataba wa Baltimore unamlipa mpaka afike miaka 35. Ni mzito, si mwepesi wa kukimbia, na udakaji wake kwenye besi ya kwanza ulikuwa tatizo. Ule mpira uliomrusha Senga juu umekuwa mfano unaotajwa kila mara. Wapigaji wa aina yake, nguvu ikipungua, hawabaki na kitu kingine cha kutoa.

Mfano wanaoupenda uko Baltimore kwenyewe. Mwaka 2016 Orioles walimpa Chris Davis, naye mpigaji wa homurani anayecheza besi ya kwanza, mkataba wa miaka 7 na dola milioni 161. Miaka miwili baadaye alikuwa hawezi kupiga. Mwaka 2019 alifika hatua ya kukosa mara 54 mfululizo. Aliacha kucheza mwaka 2021, lakini sehemu ya pesa zake ilicheleweshwa kwa makubaliano, na Orioles wataendelea kumlipa mpaka mwaka 2037.

Mets nao wanaijua aibu hiyo. Kila tarehe 1 mwezi wa saba wanamlipa Bobby Bonilla, mchezaji aliyestaafu zamani, karibu dola milioni 1,2. Wataendelea mpaka mwaka 2035. Washabiki wamegeuza siku hiyo kuwa siku ya kucheka. Mali bila daftari huisha bila habari, na kundi hili linasema Stearns ndiye mtu wa kwanza kuleta daftari.

Kisha wanamtaja Jacob deGrom. Alikuwa mrushaji bora wa Mets, akaondoka mwisho wa mwaka 2022 kwenda Texas kwa miaka 5 na dola milioni 185. Msimu wake wa kwanza kule alianza mechi 6 tu, akafanyiwa upasuaji wa kiwiko. Watetezi wanasema: mnaona? Tulilia bure. Lakini mfano huu una pande mbili. Mwaka huo huo Texas walichukua kombe, na mwaka jana deGrom alirudi na kurusha vizuri msimu mzima. Kumwacha mtu si lazima kuwe kosa, wala si lazima kuwe hekima. Inategemea nani anakuja nyuma yake.

Walioingia: hapa ndipo ubishi unawaka

Aliyekuja nyuma ya Díaz ni Devin Williams, kwa miaka 3 na dola milioni 51. Jina hilo peke yake linatosha kuwasha moto. Tarehe 3 mwezi wa kumi mwaka 2024, Williams alikuwa anaifungia Milwaukee mechi ya kuamua nani anaendelea na nani anarudi nyumbani. Awamu ya tisa, ambayo ni ya mwisho, Mets walikuwa nyuma. Akaja Alonso, akampiga Williams homurani ya alama tatu, na Mets wakapita. Ni moja ya mapigo makubwa katika historia ya timu hiyo. Sasa aliyepiga amefukuzwa na dirisha, aliyepigwa ameingia na mlango: ndivyo washabiki wanavyoiona. Tena Williams anatoka Yankees, majirani na mahasimu wao, ambako mwaka jana hakufanya vizuri. Pamoja naye amekuja Luke Weaver, naye kutoka Yankees, kwa miaka 2 na dola milioni 22.

Badala ya Alonso, Mets walimchukua Jorge Polanco wa Seattle kwa miaka 2 na dola milioni 40. Alipiga homurani 26 mwaka jana, ni mpigaji mzuri. Lakini wanapanga kumweka kwenye besi ya kwanza, nafasi ambayo hajaizoea. Mtu anauliza: kama shida ilikuwa udakaji, kwa nini umlete mgeni wa nafasi hiyo?

Swali hilo hilo limemfuata Bo Bichette. Yeye ndiye usajili mkubwa, uliotangazwa katikati ya mwezi huu: miaka 3 na dola milioni 126. Ana miaka 27, alikuwa kati ya wapigaji bora wa Toronto, na katika mechi ya saba ya World Series iliyopita alimpiga Shohei Ohtani homurani ya alama tatu. Toronto walipoteza mechi ile 5 kwa 4 baada ya awamu 11, lakini pigo lile halikusahaulika. Mets watamhamisha kutoka nafasi yake na kumpeleka besi ya tatu. Na mkataba wake unamruhusu kuondoka baada ya mwaka mmoja au miwili akitaka. Kwa mtu anayelilia uaminifu wa Alonso, hicho si kifuta machozi.

Stearns hakuishia hapo. Kwa njia ya kubadilishana, amemleta Marcus Semien badala ya Nimmo. Semien ana miaka 35, lakini mwaka jana alipewa tuzo ya mdakaji bora wa nafasi yake. Amemleta pia Luis Robert Jr. kutoka Chicago, na mrushaji Freddy Peralta kutoka Milwaukee. Huyu wa mwisho ndiye aliyepunguza kelele kidogo, kwa sababu wote wawili, anayelia na anayetetea, wanakubaliana juu ya jambo moja: mwaka jana Mets walikufa kwa kukosa warushaji.

Kodi ambayo watu wengi hawaihesabu

Mara nyingi mshabiki anasema: Cohen ana pesa, alipe tu. Lakini dola moja ya Cohen si sawa na dola moja ya mwenye timu ya Pittsburgh.

Besiboli haina kikomo cha mishahara, ila ina kodi ya anasa. Mwaka 2026, timu ikipita jumla ya dola milioni 244 inaanza kulipa. Ikipita milioni 304, na kama imekuwa ikilipa miaka mfululizo, inalipa asilimia 110 ya kila dola iliyozidi. Ngazi hiyo ya juu iliwekwa mwaka 2022, na watu wengi waliipa jina la Cohen, kwa sababu wenye timu wengine walikuwa na hofu naye.

Tuangalie Bichette. Mshahara wake ni dola milioni 42 kwa mwaka. Ukiongeza kodi ya asilimia 110, ambayo ni milioni 46 na zaidi, mtu mmoja anamgharimu Cohen karibu milioni 88 kwa mwaka. Kwa hesabu hiyo, Alonso wa milioni 31 angegharimu milioni 65. Kwa mwaka 2025 peke yake, Dodgers walipigwa kodi ya dola milioni 169, na Mets milioni 91.

Kwa hiyo si kweli kwamba Mets wamekuwa wachoyo. Pesa bado zinatoka, na nyingi. Kilichobadilika ni namna ya kuzitoa: mikataba mifupi na bei kubwa kwa mwaka, badala ya mikataba mirefu inayomfuata mchezaji mpaka uzeeni. Alonso alitaka miaka 5. Bichette alipewa 3, Williams 3, Polanco 2. Ukiziweka hizo mstari mmoja, unaona sera.

Je, pesa inanunua kombe?

Ukimuuliza mshabiki wa Dodgers atakuambia ndiyo. Timu yake ilichukua kombe mwaka 2024, ikalirudia mwaka 2025. Haijawahi kutokea tena timu kulirudia tangu Yankees wa 1998 mpaka 2000. Ohtani ana mkataba wa dola milioni 700, ambazo milioni 680 atalipwa baada ya miaka yake 10 ya kucheza. Na mwezi huu wameongeza Kyle Tucker kwa miaka 4 na dola milioni 240, mchezaji ambaye Mets nao walimtaka. Mwaka jana waliuza tiketi zaidi ya milioni 4. Pesa inaleta ushindi, ushindi unaleta watu, watu wanaleta pesa.

Lakini Mets wenyewe ni ushahidi wa upande wa pili. Mwaka 2023 walikuwa na mishahara mikubwa kuliko timu yoyote mbele yao, na warushaji wawili wazee wenye majina, Max Scherzer na Justin Verlander. Walipoteza mechi 87, wakawauza wote wawili katikati ya msimu. Mwaka 2024, timu ambayo watu hawakuitarajia sana ilifika hatua moja mbele ya World Series. Na mwaka 2025, timu iliyoshinda mechi nyingi kuliko zote katika msimu wa kawaida ilikuwa Milwaukee, 97, timu ya mji mdogo na mishahara ya kawaida. Ni kweli kwamba Dodgers waliwapiga Milwaukee mechi 4 kwa 0 mbele ya fainali. Pesa hainunui kombe. Inanunua nafasi ya kukosea na kujaribu tena.

Uhuru huu haukushuka kutoka mbinguni

Katika hasira, washabiki wengine wamemwita Díaz msaliti. Hapo inafaa kukumbuka historia.

Kwa karibu miaka mia moja, mchezaji wa besiboli alikuwa mali ya timu. Mkataba wake ulipokwisha, timu ilikuwa na haki ya kuurudisha yenyewe, mwaka baada ya mwaka. Mwaka 1969, Curt Flood, mchezaji mweusi wa St. Louis, aliambiwa amebadilishwa kwenda Philadelphia. Alikataa, akasema yeye si bidhaa, akaenda mahakamani. Mwaka 1972 Mahakama Kuu ya Marekani ilimkatalia. Maisha yake ya kucheza yaliharibika. Ila mlango alioupiga haukufungika tena: mwisho wa mwaka 1975, mwamuzi Peter Seitz aliamua kwamba warushaji wawili, Andy Messersmith na Dave McNally, wako huru. Kutoka hapo soko likazaliwa. Kabumbu ya Ulaya ilisubiri miaka 20 zaidi, mpaka hukumu ya Bosman mwaka 1995.

Kwetu pia tunajua pande hizo mbili. Fiston Mayele alipotoka Vita Club kwenda Yanga ya Tanzania mwaka 2021, kisha Pyramids ya Misri mwaka 2023, wako waliosikitika. Mwaka 2025 alishinda nao kombe la klabu bingwa la Afrika, na kila Mkongomani alifurahi. Mchezaji akitafuta maisha hatendi dhambi. Hakuna mshabiki ambaye angekataa mshahara mkubwa zaidi kazini kwake kwa sababu majirani wanampenda.

Tunavyoona

Katika ugomvi huu, kila upande una sehemu ya ukweli, lakini si kwa uzito sawa kwa kila mchezaji.

Kwa Alonso, hesabu za Stearns zinasimama. Miaka 5 ni mingi kwa mpigaji wa umri na mwili wake, na mfano wa Davis si hadithi ya kutisha watoto. Kwa Díaz hali ni tofauti. Mkataba ulikuwa mfupi, tofauti ya bei ilikuwa ndogo, na badala yake umelipa milioni 51 kwa mtu ambaye mwaka jana aliyumba. Hapo viongozi wanadaiwa maelezo, na mpaka sasa maelezo hayajatosha.

Kuna pia kitu kimoja ambacho daftari halikiandiki. Timu inayokaa miaka 40 bila kombe haiwaleti watu uwanjani kwa makombe. Inawaleta kwa majina: baba anamwonyesha mtoto yule mtu wa besi ya kwanza aliyepiga pigo la Milwaukee. Ukiwaondoa watatu kwa mara moja, unawaambia watu wako wangoje ushindi tu. Basi ushindi uje. Stearns amejifungia mlango wa udhuru: Mets wakishinda mechi 95, hakuna atakayemkumbusha Alonso. Wakianguka tena kama mwaka jana, kila homurani ya Baltimore itapigwa kichwani mwake.

Kinachofuata

Msimu unaanza mwisho wa mwezi wa tatu. Mambo matatu ya kuangalia mapema: Polanco ataweza kudaka kwenye besi ya kwanza? Bichette ataizoea besi ya tatu? Na Williams, mara ya kwanza atakapopoteza mechi nyumbani, watu wa Queens watamvumilia au watamzomea?

Lakini tarehe kubwa zaidi iko mbele. Makubaliano ya kazi kati ya wenye timu na chama cha wachezaji yanakwisha tarehe 1 mwezi wa kumi na mbili mwaka huu. Wenye timu wengi, wakiwaangalia Dodgers na Mets, wanataka kikomo cha mishahara kama kile cha NBA. Wachezaji wamekikataa kwa miaka mingi. Mwaka 1994 mgomo juu ya jambo hilo ulifuta World Series yote. Mara ya mwisho makubaliano yalipokwisha, mwezi wa kumi na mbili 2021, milango ilifungwa kwa siku 99.

Ikitokea tena, washabiki wa Mets hawatakuwa na usajili wa kubishania. Watakuwa wanangoja, kama washabiki wa timu zingine 29, kujua kama kuna mchezo.